Zimwi la Darajani na Beti Zangu za Haki

Siku nilipochagua kuwa malenga, meza nzima ilinihurumia. Tulikuwa wanne. Kaka yangu, fundi cherehani, ndiye mwenye chumba: kila Jumamosi alasiri huondoa mikasi na vitambaa juu ya meza yake ya kukatia, akatandaza ramani ya nchi isiyokuwako, nasi tukaingia mchezoni, kila mtu na mhusika wake. Katika nchi hiyo yeye ni mpiganaji. Mkewe, nesi wa zahanati, ni mganga wetu. Binamu yetu, mwalimu wa hesabu, ndiye msimulizi: hutueleza tunachokikuta njiani na hunena kwa sauti za maadui wote, kisha dadu huamua nani amepiga na nani amepigwa.

"Malenga?" binamu alishangaa. "Yaani sisi tunakufa, wewe unaimba?"

"Wimbo nao ni silaha," nilimjibu, na naamini hivyo hadi leo.

Mezani petu wimbo una masharti. Malenga huimba kweli, kwa kinywa chake, kisha huuliza swali. Asipoitikiwa, wimbo umekwenda bure. Mimi nikapendekeza sharti moja zaidi: aitikiaye wimbo asimpige mwimbaji wala wenzake. Walicheka mpaka wifi akashika mbavu. Binamu akaliandika kwa dhihaka kwenye jalada la daftari la mchezo, maana ni adui gani mwenye akili angeitikia?

Jumamosi ninayoisimulia, zimwi lilitufungia daraja. Baada ya saa nzima ya kupigana, mpiganaji wa kaka alikuwa amebakiwa na uhai mmoja tu. Kwetu anayekufa, karatasi iliyoandikwa sifa za mhusika wake huchanwa, wala hakuna kufufuka. Karatasi ya kaka ina umri wa miaka miwili. Imekunjwa na kukunjuliwa hata imekuwa laini kama kitambaa. Wiki nzima mwenyewe hushona sare za shule, kola baada ya kola, na ukimsemesha hujibu maneno matatu. Jumamosi peke yake ndipo hunguruma. Sasa aliiweka karatasi ile mbele yake, akaifunika kwa kiganja.

"Dawa zimeniishia," wifi akasema. "Wifi yangu, imba chochote."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na beti ishirini na nne juu ya haki, nilizozitunga juma zima maktabani, zenye vina vya kati na vya mwisho. Nikaimba tatu za kwanza, nikauliza, "Je, haki yaja?"

Wifi alikuwa akipiga mwayo. Kaka alijaribu kunisaidia, ila swali lilikuwa limempita.

"Eeh... asante," alisema.

"Hiyo haihesabiki," binamu akatangaza, akitikisa dadu kiganjani. "Zimwi linainua rungu. Nafasi ya mwisho, malenga."

"Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha," wifi akanung'unika.

"Hili haliwajui hata kwa sura, shemeji. Litawala na viatu."

Haliwajui. Neno hilo lilinichoma. Beti zangu zote zilimtetea mwanadamu, na hakuna hata moja iliyomtaja huyu aliyekuwa karibu kufa. Nikafunga daftari langu, nikamtazama kaka, nikaliimbia zimwi:

Huyu shujaa wa chuma,
Jogoo alimwandama,
Kisimani akazama,
Jogoo yu kule juu!

Tukamvuta kwa kamba,
Akatoka anatamba,
Ati amewinda simba,
Manyoya mdomoni tu!

Kisa chenyewe hakikuwa na chumvi. Kilitukia mezani hapo hapo mwaka uliopita, dadu zilipomkataa kaka mara tano mfululizo.

"We mtoto!" kaka akafoka. "Unanianika mbele ya adui?"

Nikamnyooshea binamu kidole. "Ewe zimwi, wamjua sasa?"

Binamu alikuwa amelaza kichwa juu ya ramani, mabega yakimtikisika. Akainuka na machozi machoni, na kwa ile sauti nzito ya zimwi akaitikia, "Namjuaaa! Si yule wa jogoo!"

Wifi akalivuta daftari la mchezo taratibu, akaligeuza jalada juu.

"Shemeji, huu mwandiko wa nani?"

"Aa, hapana. Ule ulikuwa utani."

"Nimeuliza wa nani, mwalimu."

"...Wangu."

"Basi weka dadu chini."

Akaziweka. Zimwi likashusha rungu, likaketi katikati ya daraja. Kaka akaondoa kiganja juu ya karatasi yake, akaikunja kwa uangalifu wa fundi, akaitia mfukoni mwa shati.

"Manyoya yalikuwa mawili tu," akasema. "Rekebisha hapo."

Lakini binamu si mtu wa kushindwa bila kulipiza. "Zimwi limependa nyimbo," alisema. "Ili mpite, linataka zile beti za haki zilizobaki. Zote."

"Zimebaki ngapi?" kaka aliniuliza.

"Ishirini na moja."

Mume na mke wakatazamana.

"Litule," wakasema kwa pamoja.

Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama, nikisafisha koo.