Jino Ndani ya Ngumi

Kondo alikuwa mcheshi, na tabasamu lake watu wa Chanzuru walilizoea kama salamu. Mkewe, Joha, hakulipenda lilipokwenda kwa wanawake wengine. Zaidi ya wote alimwonea wivu Marciana, mjane aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Kanda ya Ziwa, aliyepita kila asubuhi na baiskeli akiuza maziwa. Kondo alipenda kutoka mwenyewe kuyanunua, na siku nyingine maziwa yalichelewa sana kufika jikoni.

Asubuhi moja Marciana alibeba pia gunia la pumba, likawa limelegea nyuma ya baiskeli. Joha, akiwa kwenye cherehani barazani, alimwona mumewe akiinama kumsaidia kulikaza, wanacheka. Aliendelea kushona bila kuutazama mshono. Mara mpira wa kufungia mzigo ukafyatuka, na kulabu yake ya chuma ikampiga Kondo mdomoni.

Joha alipofika, Marciana alikuwa ameshamshika Kondo kichwa, anamfuta damu kwa khanga yake. Pale mchangani Joha aliliona jino la mbele, limetoka zima na mzizi wake. Aliliokota akalifumbata.

“Jino liko wapi?” Marciana aliuliza.

“Sijaliona,” alijibu Joha.

Mwanamume mwenye pengo atamchekea nani? Wazo hilo lilimjia kabla hajalizuia, na alipolionea aibu, ngumi bado haikufunguka.

Kondo, aliyekuwa amemwachia Marciana mdomo wazi aufute, alipomwona mkewe aliuziba kwa kiganja na kugeuza uso.

“Usiniangalie, Joha,” alisema kwa shida.

Kwa Marciana hakuona haya hata kidogo. Haya yake yote ilikuwa kwa mkewe. Joha akaelewa kwamba ni macho yake ndiyo Kondo aliyoyajali, akachukua simu na kumpigia Scholastica, rafiki yake wa shule, ambaye sasa alikuwa muuguzi kwenye kliniki ya meno Mikumi. Scholastica alimwambia alishike jino upande wa kutafunia, asiguse mzizi. Alisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi bila kulisugua, walirudishe kwenye tundu lake, na Kondo aume kitambaa safi. Wakishindwa, likae kwenye maziwa lisikauke, na wawahi hospitali bila kungoja chochote.

Joha alifungua mkono. “Ninalo.”

Marciana alilitazama jino, kisha akamtazama Joha.

Walijaribu kulirudisha, lakini Kondo alishindwa kuvumilia maumivu. Yalibaki maziwa, na maziwa yaliyokuwepo yalikuwa ya Marciana. Joha alileta chupa yenye mfuniko.

“Naomba maziwa, dada.”

Marciana alimimina, kisha akakimbia barabarani kuita bodaboda. Joha akalitumbukiza jino. Akampa Kondo kitambaa safi cha kuuma, na kingine chenye maji baridi akishikize kwenye mdomo uliokuwa umeanza kuvimba. Safari nzima hadi hospitali ya Kilosa aliikumbatia ile chupa.

Daktari wa meno alimpiga Kondo sindano ya ganzi, akalirudisha jino na kulifunga kwa waya mwembamba kwenye meno ya jirani. Aliwaeleza kwamba maziwa yamelisaidia, ila hawezi kuahidi kama litashika. Kondo ale vyakula laini na arudi kuangaliwa.

Nje ya hospitali walisimama getini kungoja bodaboda.

“Nilikuona ukiliokota,” alisema Kondo.

Joha alitazama chini. “Nilimwonea wivu Marciana.”

“Tangu lini?”

“Tangu alipohamia.”

Kondo hakukasirika, wala hakumbembeleza. Alisema hakujua kama jambo hilo lilikuwa linamuumiza, na kwamba angeambiwa mapema angejirekebisha.

“Nimekuambia sasa,” alisema Joha.

Bodaboda ilipokuja, Kondo alimwambia apande kwanza, kisha akakaa nyuma yake na kumshika kiunoni mbele ya watu wote pale getini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.