Gego la Mkwe Wangu

Nikutegee kimoja, unitegulie: chumba changu cheupe, mgeni kaingia bila hodi, anakula kuta, na mwenye nyumba hana habari mpaka siku anapokunywa maji baridi. Usijikune kichwa, ni jino lililotoboka.

La mkwe wangu lilikuwa gego la chini. Alilinyamazia mpaka akawa anatafuna upande mmoja kama mbuzi mwenye mawazo. Madaktari wa meno wapo wengi, lakini mimi nilimkokota hadi kwa binti yake mwenyewe, mjukuu wangu, ambaye alikuwa hasemeshani naye tangu tulipomzika mama yake. Marehemu huyo ni mwanangu, wa pekee niliyemzaa. Siku ile mumewe hakutokea makaburini. Binti alituuliza sote sababu, isipokuwa baba yake. Yeye alimnunia tu, miaka ikapita.

Njiani nikamtania mkwe wangu, mtu mzima huyo anakwenda kwa daktari na ndala. Akasema zinamtosha. Tangu msiba ni ndala tu, hata harusini.

Mjukuu wangu namwita Pengo tangu alipong'oka jino la kwanza. Aliniamkia, kisha akamwonyesha baba yake kiti kama anavyomwonyesha mgonjwa yeyote. Mimi nikakaa kwenye stuli karibu na sinki.

Akamchoma ganzi, akachonga. Mashine iliponyamaza nikachungulia, nikauliza mbona shimo dogo hivyo, wakati langu la zamani lilichimbwa kama kisima. Akanieleza kwamba ujazo ule wa zamani wa kuzibia jino ulitaka shimo pana la kuubana usichomoke. Huu mweupe unagandana na jino lenyewe, kwa hiyo anatoa kilichooza tu, kizima anakiacha. Ila una masharti yake: jino likishaandaliwa lisiguswe na tone la mate, la sivyo haushiki.

Akapanga pamba kando ya ulimi. Akapaka dawa kali ya kukwaruza jino, akaosha, akakausha kwa upepo. Basi hapo hapo, macho yakiwa kwenye lile shimo, swali likamtoka.

"Baba, kwa nini hukuja kumzika mama?"

Mtu amepanua mdomo, unamuuliza swali kama hilo. Lakini mkwe wangu alijaribu kujibu. Ulimi ukainuka, pamba ikateleza, mate yakajaa shimoni.

"Usiseme," Pengo akamwambia. "Umelilowesha. Tunaanza upya."

Akaosha, akapaka, akaosha, akakausha tena. Mikono ya mtoto huyu haina papara, lakini siku hiyo pamba ilimdondoka. Nikataka kumwambia aache kwanza hilo jino, baba yake aseme. Lakini nilimjua mjukuu wangu: alikuwa akiliogopa jibu kuliko alivyolitaka. Machozi ya mkwe wangu yakashuka pembeni kuelekea masikioni, na Pengo akayapangusa upesi, kama vile nayo yangeliharibu jino.

Akajaza kidogo kidogo, kila tabaka akilimulika kwa taa ya buluu ili ligande. Akamng'atisha karatasi ya rangi, akasawazisha palipozidi. Akatoa pamba, akavua glavu. Nilidhani atatuaga. Akavuta kiti chake, akakaa.

"Haya, baba. Sasa unaweza kusema."

Mkwe wangu alijishika shavu. Ganzi ilikuwa bado, maneno yakamtoka mazito, upande mmoja wa mdomo.

"Vile viatu vyangu vyeusi, mama yako alivipiga rangi asubuhi ile kabla hatujampeleka hospitali. Siku ya kumzika nilivitoa, nikakaa navyo kitandani. Nikaona nikivivaa, vitaingia udongo wa kaburi lake. Sikuweza kuvivaa, wala kumzika na ndala, mwanangu. Vipo hadi leo, vinang'aa vile vile alivyoviacha."