Ndevu za Matairi

Alhamisi asubuhi kinyozi alilifunga kitambaa cheupe tairi lililokaa kwenye kiti chake, akaipuliza mashine kuondoa nywele za mteja aliyetangulia, akaanza kazi. Tairi lilikuwa na ndevu nyeupe zilizojaa ubavu wote. Alizipunguza kwa mashine, akamalizia kwa wembe, akachonga kona kali pale ndevu zinapokutana na meno ya tairi, kisha akapangusa kwa pamba yenye spiriti na kupaka poda kidogo. Mzee aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake alisogea ili tairi linalofuata lipate nafasi, akaendelea kusoma gazeti.

Matairi yalitoka duka la jirani, la Bwana Mpya. Watu walimpa jina hilo kwa sababu kila kitu dukani mwake alikiita kipya, hata feni iliyokuwa ikikohoa darini. Tairi halizeeki kwa kukimbia tu. Lililokimbia sana huisha meno likawa kipara, na kipara hakifichiki. Lakini lililokaa stoo miaka na miaka hubaki na meno yake yote; mpira ndio unaokauka ndani kwa ndani, na nje linaota ndevu. Wiki na mwaka wa kuzaliwa kwake vimeandikwa ubavuni kwa tarakimu ambazo wanunuzi wengi hawana habari nazo. Ndevu, lakini, kila mtu anazielewa, na ndizo zilizokuwa zikimharibia Bwana Mpya biashara.

Kinyozi aliipenda kazi ile. Tairi halipokei simu wembe ukiwa shingoni, halisinzii, wala halimalizi kunyolewa likadai kwamba kichwa chake kimekuwa kidogo. Na wiki ile kila kitu kilimpendeza, hata foleni ya maji, kwa kuwa Jumamosi mdogo wake alikuwa anaolewa. Alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, akamsuka nywele za shule, akamkemea, akamfundisha kupika wali usioungua. Sasa ukumbi ulikuwa umepatikana ng'ambo ya mlima, gauni limeshonwa, na teksi ya mume wa kinyozi mwenyewe ndiyo ingembeba bibi harusi.

Jioni ile ile mumewe aliingia uani akipiga honi.

"Mama watoto, toka uone! Nimelivisha gari viatu vipya!"

Matairi yalikuwa yanang'aa. Kinyozi alimsifu, wakala, wakalala. Kulipokucha mumewe alimwita tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Hebu njoo. Naona gari limeota mvi."

Kinyozi aliinama, akapitisha kiganja ubavuni. Ndevu fupi nyeupe zilikuwa zimeanza kuchomoza, zikifuata mstari ulionyooka, na mwisho wa mstari palikuwa na kona kali. Mkono wake aliujua. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na nyuma ya aibu ikaja hofu, maana barabara ya kwenda ukumbini hupanda mlima kwa upole na kushuka kwa kona tupu, upande mmoja mwamba, upande wa pili hewa.

"Umeyanunua kwa nani?"

"Si kwa jirani yako? Nilitaka nikushtukize."

"Umenishtukiza kweli. Haya matairi ni wazee, mume wangu. Nimeyanyoa mimi jana."

"Wazee vipi? Meno si yote yapo?"

"Hata babu yangu alizikwa na meno yake yote."

Walifika kwa Bwana Mpya akiwa ndiyo kwanza anafungua milango. Hakukana wala hakukasirika. Alijipiga paja kwa masikitiko ya kweli.

"Aa, shemeji! Mngesema ni ya kwenu! Ningewapa vijana. Haya ni ya wateja."

Akamfungulia stoo achague mwenyewe. Kinyozi alipita kati ya mirundo akiyapapasa matairi mashavu. Lililonyolewa hukwaruza kidogo hata likipakwa poda namna gani. Lile changa ni laini, halijaujua wembe. Mwisho kabisa, nyuma ya mirundo yote, alipata manne laini. Alisoma na tarakimu zake kwa uhakika zaidi: yalikuwa ya mwaka huo huo. Bwana Mpya aliyafunga kwa mikono yake, akakataa nyongeza, akamtakia bibi harusi kila la heri. Kisha akayavingirisha yale ya zamani mpaka mlangoni kwa kinyozi.

"Yapitie mara moja, shemeji. Nina mteja mchana."

Kinyozi alijawa na furaha hata akataka kumkumbatia. Mdogo wake angeshuka mlima salama! Aliyanyoa yote manne huku akiimba, akayachonga vizuri kuliko mara ya kwanza, wala hakuuliza mteja ni nani. Alikuwa na vichwa vya wapambe vinamsubiri.

Jumamosi teksi ilipanda mlima ikiwa na maua kwenye boneti. Katika kushuka, matairi machanga yalishika kila kona kwa nguvu, na kwenye kona kubwa yalicheka kidogo kama watoto wanaotekenywa. Bibi harusi naye akacheka. Kinyozi, aliyekuwa amebana mlango kwa mkono mmoja na gauni kwa mwingine, alilegea, akaanza kupiga vigelegele peke yake, na hakunyamaza mpaka ukumbini.

Walikula wakacheza. Babu wa bwana harusi alicheza na fimbo yake, halafu bila fimbo, halafu fimbo ikachezwa na mtu mwingine. Jua lilipoanza kupoa, maharusi walitoka kwenda kwao, safari ya kuuvuka tena mlima, katika gari la bwana harusi. Bibi harusi alikwisha kukaa ndani. Kinyozi aliona utepe umelegea karibu na gurudumu, akachuchumaa aufunge.

Ndevu zilikuwa zimeanza kuchomoza. Kona kali. Gurudumu la nyuma vile vile, na la upande wa pili vile vile.

"Nimebadilisha jana mchana, shemeji," alisema bwana harusi kwa fahari. "Siwezi kumbeba mdogo wako kwenye vipara."

Kinyozi alifungua mlango.

"Shuka, mwanangu."

"Dada, kuna nini? Watu wanangoja."

"Watangoja. Matairi haya yamezeeka, yatapasuka kwenye zile kona. Nayajua. Nimeyanyoa mimi, mara mbili, na mara ya pili nilikuwa naimba." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Shuka, nisamehe, shuka."

Bibi harusi alichungulia gurudumu, akazitazama zile ndevu, akamtazama dada yake.

"Ndiyo maana yamependeza," akasema, akakusanya gauni lake, akashuka.

Maharusi walihamia kwenye teksi, honi zikalia, na wageni waliimba kwa nguvu zaidi kwa kuwa wimbo wa kusindikiza waliupata mara mbili. Gari la bwana harusi lilibaki uwanjani. Babu alilizunguka, akayaamkia matairi yote manne kama marika zake, akaomba apigwe nao picha. Usiku ule, mdogo mtu alipiga simu kusema wamefika na wanapika chai. Kinyozi alilia tena, akalala fofofo na vipuli masikioni.

Jumatatu bwana harusi aliyarudisha matairi. Bwana Mpya alijipiga paja. "Ungesema wewe ni wa familia!" Akampa vijana, kisha akayavingirisha yale manne mpaka mlangoni kwa kinyozi.

"Sinyoi," kinyozi alimwambia.

"Una haraka?"

"Sina. Matairi sinyoi tena, Bwana Mpya. Hayo, wala mengine."

Bwana Mpya hakununa. Alienda mjini, akarudi na mashine yake mwenyewe, na mchana kutwa ikasikika ikinguruma nyuma ya ukuta. Hakuwa na mkono wa kazi ile. Aliacha mabaka, akakata ovyo, akaficha kwa rangi nyeusi.

Siku iliyofuata gari la kwaya lilisimama pale nje. Mwalimu wa kwaya, mtu mnene mwenye sauti nzuri, alikuwa anafungiwa matairi manne, na waimbaji wake walikuwa wameketi ndani na majoho yao wakijaribu sauti. Walikuwa wanakwenda kuimba ng'ambo ya mlima. Kinyozi alimwacha mteja kwenye kiti, akatoka na mashine mkononi.

"Mwalimu, usiondoke na hayo. Ni wazee. Angalia ndevu."

Mwalimu alipapasa baka moja, akatabasamu.

"Hata besi wangu ni wazee, dada. Hawajawahi kuniangusha."

Akapanda, akawasha gari. Magari mengine yalipoziona zile ndevu yalikaa pembeni kwa adabu, njia ikawa nyeupe mpaka barabara ya mlimani. Kinyozi alikimbia nyuma yao, akapiga kelele, akapunga mikono yote miwili. Lakini wimbo ulikuwa umepamba moto. Walidhani anawashangilia, nao wakampungia.