Sauti ya Juliana Dukani

Jumatatu ya kwanza baada ya harusi, Juliana alikwenda duka la Mzee Liberatus, pale Ipogolo, kununua chumvi. Alisalimia, "Kamwene," akaitikiwa vizuri. Alipotaka kutaja chumvi, mdomoni hakikutoka kitu. Chumvi ilitajwa barazani na mumewe, Didas, aliyekuwa anacheza bao, kwa sauti ile ile nyembamba ya Juliana.

"Haya, sasa nimesikia," akasema Mzee Liberatus, akapima. Bao likaendelea. Hata mama yake Juliana, alipoolewa, hali hii ilimwanza hivyo hivyo.

Nyumbani Juliana aliongea mpaka majirani wakachoka. Ububu ulikuwa wa kuagiza vitu tu. Na Didas hakuwa mtu mbaya, ila alipenda redio. Juliana alitaka cherehani. Usichana wake wote alishona kwa cherehani ya masista, na alichoka kuomba vya watu. Pareto ilipouzwa, pareto aliyoichuma Juliana, Didas akatangaza barazani kwamba redio inakuja.

Juliana akajifunga kitenge, akaingia dukani, akaikazia macho cherehani ya mkono iliyokuwa rafuni, akafungua mdomo.

"Mzee, nipe hiyo cherehani," akasema Didas huko nje, kete mkononi. "Na mafuta yake."

Wenzake wakamtazama. Akane agizo lililotoka kinywani mwake, ale matapishi yake mbele ya wacheza bao? Alilipa, akaibeba mwenyewe begani. Juliana alicheka njia nzima, na walipofika nyumbani Didas naye akacheka.

Miaka ikapita. Reli ya Wachina ikamchukua Didas mpaka Makambako, na nyuzi zikamwishia Juliana huku magauni ya kipaimara yakitakiwa kesho yake. Alikwenda dukani na mwanawe wa kiume, Crispin, mgongoni, hana jino hata moja, na binti yake Rozalia wa darasa la pili. Alitegemea sauti itahamia kwa Rozalia.

"Mwenye nyumba hayupo?" Mzee Liberatus aliuliza.

Crispin akapiga mwayo. "Nyuzi nyeupe, bunda moja," akasema kwa sauti ya mama yake.

"Kumbe yupo." Nyuzi zikashushwa.

Juliana alifurahi, magauni yatawahi. Ndipo Rozalia, aliyezoea kujiagizia mwenyewe, akafungua mdomo.

"Na pipi mbili," akasema Crispin, safari hii kwa sauti ya Rozalia.

Juliana aliumia. Yeye walau hali hii ilimngoja mpaka aolewe.

Mzee Liberatus akamkabidhi Crispin pipi zote mbili. Rozalia akamfumbua vidole taratibu, akala moja, nyingine akampa mama yake.