Siku Nilipomwendesha Mungu wa Kijiji

Mume wangu Tatsuji hawezi kuona kitu kizima akakiacha. Gari letu dogo la mizigo lilikuwa linakwenda vizuri kabisa mpaka siku moja kabla ya sherehe, alipoamua kubadilisha breki za nyuma mwenyewe, pale uani, kwa spana za marehemu baba yake.

"Mama Naoko, kesho unambeba mungu," alisema. "Siwezi kukupa breki kuukuu."

Kijiji chetu kina nyumba kumi na nne. Zamani kijumba cha mungu kilibebwa mabegani na wanaume kumi na sita. Sasa wenye mabega mazima hawafiki watano, kwa hiyo kinapakiwa garini na kuzungushwa nyumba kwa nyumba, polepole, kwa mwendo wa kutembea. Gari huchaguliwa kwa kura na mwenyewe ndiye dereva. Mwaka huu kura ilituangukia sisi, na Tatsuji alikwisharudisha leseni tangu siku aliyoliingiza gari kwenye mfereji wa shamba la mpunga. Nikabaki mimi. Hakuna mwanamke aliyewahi kumwendesha mungu wetu. Miaka thelathini na sita nimekuwa jikoni siku hiyo, napika wali wa maharage mekundu, nasikia ngoma zinapita nje. Nilitaka kuendesha kwa moyo wangu wote, na sioni aibu kusema.

Saa mbili asubuhi nililitoa gari kulijaribu hadi darajani. Lilikuwa zito kama limefungwa kamba kwa nyuma. Kwenye mteremko niliondoa mguu kwenye mafuta, likasimama lenyewe. Nilirudi nalo likinuka kitu kilichoungua.

Kanbe alikuwa ameshafika uani. Ni binamu mkubwa wa Tatsuji, ndiye aliyemwendesha mungu miaka mitatu mfululizo, kura ikimwangukia kila mara, na gari lake alikuwa ameliosha likang'aa.

"Shemeji, naona limekataa," alisema huku akitabasamu. "Nimeliosha la kwangu, endapo tu litahitajika."

"Nani kakuomba, shemeji?"

"Saa nne mungu anatoka. Gari lisipokuwepo, naendesha mimi. Wewe una wali wako."

Nilitamani kumrushia ndala. Badala yake nilikwenda nyuma ya ghala, kwenye theluji chafu ambayo huku kwetu hukawia mpaka mwezi wa tano, nikachota beseni zima. Niliweka konzi moja kwenye gurudumu la nyuma la kushoto. Ikakaa. Nikaweka nyingine kwenye la kulia. Ikalia chwaa, ukapanda mvuke.

"La kulia ndilo linalokamata," nikasema.

"Nimelikaza mno," alisema Tatsuji kwa sauti ndogo. Alipiga jeki, akavua gurudumu, akafungua dramu ya breki. Tuliinamia ndani sote watatu. Springi zilikuwa mahali pake, kila kitu kipya na safi. Akafunga tena. Gurudumu likagoma kuzunguka. Saa tatu ilikuwa imepita.

"Kazi ya mikono yako ni nzuri, mdogo wangu," Kanbe alisema. "Inazuia hata gari lisiende."

"Kaka, hebu ninyamazie kidogo!"

"Tatsuji," nikamwita. "Jana, baada ya kufunga kila kitu, ulifanya nini mwisho?"

Alifikiri. "Nikaijaribu breki ya mkono. Nikaivuta mpaka juu."

"Mara ya mwisho uliivuta lini?"

"Sikumbuki," alisema, na wala Kanbe hakucheka, maana jibu lake lingekuwa lile lile. Huku kwetu hakuna anayevuta breki ya mkono. Ukiivuta usiku wa baridi, asubuhi utaikuta imeganda, kwa hiyo tunaacha gari kwenye gia, wakati wa baridi na hata wakati wa joto, kwa mazoea. Waya wa breki ile ulikuwa umelala ndani ya ala yake miaka kumi na tatu ukila kutu. Jana mume wangu akauvuta kwa nguvu zote, na ukabaki huko huko.

Niliingia chini ya gari na nguo zangu za sherehe, nikailegeza nati ya waya.

"Zungusha!"

Gurudumu lilizunguka, likazunguka tena, na Tatsuji akapiga makofi peke yake uani.

"Sasa huna breki ya mkono kabisa," Kanbe alisema. "Na milima hii? Ukisimama nyumba kwa nyumba?"

"Breki ya mguu ninayo. Na nyuma nitakuwa na mtu wa kabari."

"Nani?"

"Aliyeharibu."

Saa nne kamili nilikuwa hekaluni. Tukaondoka, ngoma mbele, mimi kwenye usukani, na nyuma yangu mume wangu akitembea na kabari ya mti mkononi. Kila nyumba nilisimama, akapiga magoti, akaisukuma chini ya gurudumu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kila nyumba pia walimmiminia sake, pombe yetu ya mchele, ambayo ni haki ya wabebaji tangu zamani, na ya kwangu akanywa yeye kwa sababu dereva hanywi. Alikuwa mwekundu na mwenye furaha, akiniimbia. Mimi nililia kidogo kwa raha, bila kuachia usukani.

Nyumba ya kumi na nne ni ya Kanbe, juu kwenye mwinuko mkali. Nilisimama. Tatsuji alipiga magoti, akaiweka kabari mbele ya gurudumu badala ya nyuma.

Nilipolegeza mguu gari lilirudi nyuma kidogo. Kijumba kikatikisika. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, na kwenye kioo nikamwona Kanbe, na joho lake jeupe la sherehe, anaruka, anaikwapua kabari, anapiga magoti kwenye matope na kuisukuma mahali pake. Ngoma zilinyamaza.

Alibaki amepiga magoti, akitweta.

"Shemeji, usitoe mguu kwanza!"

"Sitoi!"

"Mwaka kesho ukiendesha, kabari naishika mimi. Huyu mumeo atatuangushia mungu!"

Kijiji kizima kilimcheka Tatsuji, na yeye akacheka kuliko wote. Mimi nilikuwa nimesikia maneno mawili tu, mwaka kesho, nikapiga honi mpaka Kanbe akaziba masikio.