Soma Tu Kwamba Alisinzia

...na bado anaongea, huyu Ezron, tumesimama nyuma ya lori la shaba hatusogei, mkono wake mmoja uko juu ya usukani, mwingine unapapasa vitufe, anasema usiwe na wasiwasi mwalimu, tutawahi, maziko ni saa nane, na tukishaipata njia panda ya Mpemba hadi Isongole ni lami tupu, tutateleza... kuteleza, neno gani hilo la kumwambia mtu anayekwenda kumzika mdogo wake aliyefia kwenye mteremko, natazama turubai la lori mbele yetu, kamba imelegea upande mmoja, na mama mmoja anapita na beseni kichwani kati ya magari akimwita dereva wa Kizambia kwa heshima ya kwao, mukwai, maji ya baridi mukwai, na dereva hamjali, amelala miguu ikiwa nje ya dirisha, huyo ndiye anayesinzia, huyo hapo, mtu akitaka kuona dereva aliyesinzia amtazame huyo, si mdogo wangu Yesaya. Yesaya ametangulia, alfajiri wamempakia kwenye Kosta ya kanisa, mkewe Gwantwa mbele karibu na dereva, shangazi zangu nyuma wanaimba, mimi nikabaki kumalizia historia, maana kwetu Ileje mtu hashushwi kaburini bila kusomewa historia yake, alizaliwa wapi, alibatizwa na nani, alisoma wapi, alioa wapi, na mwisho alikufaje, na msomaji ni mimi, dada yake mkubwa, mwalimu, nina sauti ya kufika kwa wanaume wanaokaa nyuma kabisa kwenye migomba, wale ambao hawaji mbele hata mvua inyeshe. Nikawa nimeshajiandaa kwenda kupanda basi, Ezron, wakala aliyekuwa anampa Yesaya magari ya kuendesha, akaja na gari lake, akashuka, akavua kofia, akasema haiwezekani dada yake Yesaya agombanie siti, nikaiona huruma, nikashukuru, nikamwambia Mungu akubariki kaka, kumbe huruma ya watu wengine huja na shughuli yake mfukoni, hatujavuka hata nyumba za mwisho za Tunduma akaanza, "Mwalimu, pale mwisho, kwenye kifo, soma tu kwamba alisinzia," taratibu, kama mtu anayekuomba chumvi, "ni neno zuri, halimdhalilishi mtu, kila dereva anasinzia," na mimi, sijui kwa nini, kwa uchovu, kwa kulia, nikaitikia kwa kichwa, nikatoa kalamu, nikaliandika, liko hapa kwenye paja langu, alisinzia, mwandiko wangu mzuri wa ubaoni...

"Maana ukisoma mengine," anasema sasa, na bado hatusogei, "na mimi nitaitwa kutoa salamu za ofisi, na siwezi kusimama pale nikanyamaza, si nitalazimika kusema alikuwa anabana mafuta ya watu, sasa mbele ya mama yenu, mbele ya mchungaji, picha gani hiyo," na anatikisa kichwa kwa masikitiko, anatusikitikia kabla hata hajatutukana, na mimi moyoni nasema kubana, kweli, alibana, nani asiyebana, hawa vijana wa magari ya IT, wanaoyatoa melini Dar es Salaam kuyaleta hapa Tunduma yavuke kwenda Zambia na Kongo, wote wanabana, mlima wa kushuka kwao ni mafuta ya bure, unazima injini, unaweka frii, gari linatembea lenyewe, na yanayobaki kwenye tangi wanayanyonya kwa mpira hapohapo Mpemba kabla hawajakabidhi gari, na mawakala wanajua, Ezron anajua kuliko wote, ndiyo maana anawalipa kiduchu, anawaambia kabisa mengine mtajijua na mafuta, miaka yote hiyo ulikuwa mshahara, leo amekufa mtu umekuwa wizi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini Ezron anataka kumnyonga na haki yake aichukue aende nayo nyumbani... na si kwamba Yesaya alijifunzia mjini kuachia mteremko, mteremko kwetu ni baraka, nani Ileje hajui, baba alikuwa na baiskeli isiyo na breki, Yesaya anapakia mkungu wa ndizi nyuma, anapanda huku miguu haifiki pedali vizuri, anashuka nayo hadi gulioni, breki yake soli ya kandambili, anaikanyagiza kwenye tairi hadi inanuka mpira, na mama yuko uani kapiga magoti kwa woga, akifika salama mama anamchapa, halafu anampikia, kila siku ya gulio hivyohivyo, anachapwa anapikiwa. Mtoto huyo halali, mama alikuwa akilalamika, usiku anasimulia, asubuhi wa kwanza kuamka, na leo nisimame mbele ya mama huyohuyo nimwambie mwanao alisinzia, ataniangalia, namjua mama yangu, ataniangalia tu. Lakini mwizi, je, akisikia mwizi kwenye kipaza sauti, mwanamke aliyerudishia watu hata sindano ya kuazima... hapo ndipo Ezron aliponishika, anajua pa kushika, na kuna Gwantwa pia, amesema Gwantwa hatutamwacha hivihivi mwalimu, hatutamwacha, na Gwantwa ana watoto, na mimi mshahara wangu unajulikana unapoishia, kwa hiyo nikaitikia, ndiyo, nikaliandika.

Na Luka, Luka nimfanye nini, Luka aliyekuwa anaendesha gari la nyuma yake, walitoka Dar pamoja, wanapeana nafasi barabarani kama ndugu, alinishika mkono pale mochwari, mwanaume mzima, makamasi hayafuti, akasema, "Dada Atuganile, hakusinzia, alizima, mwanzo tu wa ule mteremko wa Iwambi, nimeziona taa za nyuma zinakufa, halafu gari likawa linakwenda kama halina mtu," akasema haya mapya ukiyazima yakiwa yanatembea usukani unakuwa mzito, breki inakuwa jiwe, "mimi mwenyewe nimeyajua leo dada, ningeyajua jana ningempigia honi," na akaniambia la mafuta, kwamba safari hii Ezron aliwapa wote haibridi, haya magari ya petroli na betri, akawakatia mafuta nusu ya yale ya siku zote, akawaambia msinidanganye, hizi hazinywi, akawaonyesha simu, kipimo amekisoma mtandaoni, kipimo cha barabara tambarare za kwa wenyewe, si cha Kitonga, si cha kupandisha Inyala nyuma ya malori, na walipofika Mbeya taa ya mafuta kwa Yesaya ilikuwa inawaka, kwa hiyo hakuwa anabana ili auze, auze nini, alikuwa anabana ili afike... na kufika kwenyewe ni hapa, kwa Ezron, akabidhi funguo aambiwe umechelewa. Nilimsikiliza Luka lakini sikuelewa lolote, kichwa kilikuwa kimejaa sanduku na turubai na wali wa wafiwa, nikabaki na neno moja, alizima, nikaona aibu, ndiyo, niliona aibu, nikadhani amejiua kwa ushamba, kwa tamaa ya kibaba cha petroli, na nadhani ndiyo sababu neno alisinzia lilinipendeza, lilikuwa linamfunika.

Lori limesogea, urefu wa ng'ombe, na sisi tukasogea, tukasimama, na mara kimya, gari limekufa, nasikia hata saa yake ya mkononi, nasikia yule mama wa maji ameshafika mbali, mukwai, nashika mlango, na Ezron anacheka, mara ya kwanza leo anacheka kweli, anasema, "Haijafa mwalimu, imejizima yenyewe, ndiyo haibridi hiyo," na sura yake inachangamka, hawa watu wa haibridi wako hivyo, kama waliookoka juzi, mwalimu mkuu wetu naye kanunua, stafu hapakaliki, chai haijamiminwa ameshatuambia kutoka Vwawa hadi Mbeya na kurudi ametumia nini, zamani mtu akinunua gari mlisikia kwa mngurumo, siku hizi mnasikia kwa mdomo wake, na Wazambia nao ng'ambo hawataki kingine, hawataki kabisa, ndiyo maana zinamiminika, na petroli ilivyopanda nani awalaumu, hata mimi nilishawahi kuota, kagari kadogo ka kunipeleka shuleni bila kelele... "Ikisimama inajizima," anasema Ezron, anapapasa usukani kama mtu anayemsifia ndama, "na kwenye mteremko ndiyo kabisa, ukiachia tu mguu, injini inalala, unashuka na betri, na palepale inajichaji, haili hata tone, hakuna haja ya kuzima."

Hakuna haja ya kuzima. Amelisema yeye, kwa mdomo wake, na wala hajasikia alichosema, anaendelea, betri, dhamana, spea zinapatikana Dar... hakuna haja ya kuzima, kwa hiyo pale juu Iwambi, Yesaya alipoachia mguu, injini ilikuwa imeshalala, ilikuwa imeshajizima yenyewe kama hivi, kimya kama hiki ninachokisikia, akazima kitu kilichokuwa kimeshazimika, hakuokoa hata tone, hapakuwa na tone la kuokoa, alichozima ni usukani, alichozima ni breki, Mungu wangu, alichozima ni yeye mwenyewe, na hakujua, na angejuaje, maisha yake yote gari ni kitu kinachokula hadi ukizime, nani alimwambia. Namsikia mtu anauliza, "Yesaya alikuwa anajua hilo?" na ni mimi, sauti ya darasani, na Ezron anasema, "Aah, hawa vijana wanajua magari kuliko sisi," na mimi, "Wewe ulimwambia?" na yeye ananyoosha mkono kwenye kitufe, "Nikuongezee ubaridi, mwalimu? Jua limepanda." Hakumwambia. Alimwambia hazinywi pale alipokuwa anapunguza mafuta, hilo alilijua vizuri, alilisoma, alilionyesha kwenye simu, lakini lile la kwamba usizime, lile lisilompunguzia yeye kitu, alilimeza, au hata hakulimeza, halikumpitia akilini, na sijui lipi baya zaidi, usilolijua ni usiku wa giza, lakini huyu alikuwa na taa mkononi akamulika pochi yake tu.

Ubaridi unanipiga usoni, sijaukubali lakini unakuja, na nina hasira hadi meno yananiuma, namchukia, nalisema wazi ndani ya gari lake, namchukia na kofia yake aliyoivua, na naichukia karatasi hii pajani, nani aliyeiandika, na hebu tuone, akisimama na salamu zake za ofisi akasema mwizi, itakuwaje, Luka atakuwepo, watakuwepo madereva wenzao wote, wamechanga wakakodi gari, watu hao wote wanazima kwenye miteremko na wana haibridi zake wanazokwenda kuzichukua wiki ijayo, hawajui, kama Yesaya, wamekaa pale kwenye migomba na kofia magotini wakisubiri kusikia mwenzao amekufaje, nami niwaambie alisinzia, warudi Dar, wapewe mafuta nusu, wafike juu ya Iwambi wabonyeze kitufe... siyo historia tena hiyo, huo ni mtego, na nitakuwa nimeutega mimi kwa mwandiko mzuri. Na Gwantwa hatutamwacha hivihivi, anasema, lakini aliyempunja mume mafuta akiwa hai, ati ndiye atamjazia mke debe mume akiwa amezikwa, hata Gwantwa hawezi kuwa mjinga hivyo, akinichukia atanichukia, nitamkalia hapohapo hadi aishiwe kunichukia. Na mama, mama akisikia mwizi atainamisha uso, ndiyo, ataumia, halafu atasikia yaliyobaki, nitayasoma polepole, kwa Kiswahili cha kila mtu, kisha nitamrudilia kwa Kindali ili asikose hata neno, mwanao alikuwa macho, mama, macho kabisa, alifanya alichofundishwa na umaskini wake, akapewa gari ambalo mwenye nalo alilijua na yeye hakuambiwa, na ninyi vijana mliokaa nyuma, sikieni, haya magari mapya yasizimwe kwenye mteremko, yanajizima yenyewe, yasizimwe, hata mafuta yakiisha tembeeni kwa miguu. Mchungaji atakohoa, wazee watatazama chini, historia haisomwi hivyo, najua, nimezisoma nyingi, za watu walioimbiwa wakazikwa na neno ugonjwa wa muda mrefu, hii nitaisoma hivyo.

Nakunja karatasi, naikunja vizuri, maana akiona nafuta ataniuliza, na nje mwanaume mmoja anapiga lile lori la shaba ubavuni kwa kiganja, sogea, na halisogei. Ezron amenitazama kwa pembeni, labda ni ile sauti ya darasani imemshtua, anakohoa, anasema, "Mwalimu, tuko pamoja lakini? Lile neno letu?" na mimi natazama mbele, barabara ya kuelekea Mpemba imejaa malori hadi jicho linapokomea, mabasi ya asubuhi yameshapita, maziko saa nane, na gari ni lake, akinishusha hapa watamfukia mdogo wangu mimi niko njiani na viatu mkononi, na kipaza sauti atabaki nacho yeye, kwa hiyo namgeukia Ezron, natabasamu, namwambia, "Tuko pamoja, kaka."