Kilemba cha Duka la Faraj

Nilikuwa bado nakaa eda ya mume wangu, Faraj, kwa hivyo Taib hakuniona. Yeye alikaa sebuleni na jirani yetu Gharib. Mimi nikawa chumbani nyuma ya pazia, na mjukuu wangu Swafia mlangoni, akipeleka maneno huku na huku.

Tulikuwa tunamuuzia Taib duka letu la udi hapa Kuze. Bei ya rafu na bidhaa tulikwisha kukubaliana. Kilichobaki ni kilemba, fedha za juu ya bei hiyo, na bila fedha hizo Swafia hangeweza kumaliza chuo.

"Rafu naziona," Taib alisema. "Hicho kilemba nalipia nini?"

"Wateja, ami," Swafia akajibu. "Jina la duka, na mazoea ya watu kuja pale pale. Hayashikiki kwa mkono, lakini yana thamani yake."

"Mwanangu, duka limefungwa tangu mazishi. Wateja gani? Wote wamehamia kwa huyu bwana mkubwa!" Akacheka. Duka la Gharib, la udi vilevile, latazamana na letu.

Nikashika tasbihi, nisiweze kumlaumu. Ningekuwa mimi, ningeuliza hivyo hivyo.

Gharib akakohoa. "Hawakuhamia. Huja wakauliza, nami huwaambia wangoje mwenyewe atoke eda. Huwapa kahawa, wakaenda zao."

"Na udi unao?"

"Tele. Lakini mtu amefiwa, nami nimnyang'anye wateja? Haya, nitawatazamaje wanawe msikitini?"

Machozi yalinitoka. Muda wote huo Gharib hakuwahi kuleta hata neno kwamba ananifanyia wema.

"Basi kilemba nitalipa," Taib akasema, sauti imeshuka.

Swafia aligeuka kunitazama, uso umemng'aa. Mimi moyo ulikuwa mzito. Watu walizoea udi niliokuwa nikiupika kwa mkono wangu, Faraj akiuza. Nikipokea kilemba nikauficha mchanganyo wa udi huo, nitakuwa nimemuuzia Taib mlango mtupu. Na mchanganyo ule tuliutafuta pamoja, mimi na marehemu, tukiwa maharusi.

"Mwambie amlete mkewe," nikamnong'oneza Swafia. "Mwanamke mwenzangu hana haja ya kungoja eda iishe. Nitamfundisha kuupika udi wetu."

Swafia akasita. "Nyanya, hata ule aliokuwa akiupenda babu?"

"Hata huo."